Isale kwa Sista wa Mashine

Siku mashine ya dawa ilipoingia nyumbani kwa Bibi yangu Mektrida, huko Uru, ilipokelewa kwa heshima ambayo mimi, mjukuu wake wa damu, sijawahi kuipata. Ilifutwa vumbi ambalo haikuwa nalo. Ilitandikiwa kitambaa cha kufuma. Iliwekwa juu ya kabati la vyombo, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na picha ya marehemu Babu Jacob akiwa amekunja uso kwa sababu ya jua. Kisha Bibi akarudi nyuma kidogo, akaitazama kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

Aliyeileta ni Shangazi Gladys, muuguzi wa Bomang'ombe, na alikuwa na sababu. Wakati wa Pasaka Bibi alianguka kihambani, shambani pale pale nyumbani, katikati ya migomba, kwa kuwa alikunywa vidonge vya presha asubuhi, akasahau, akavinywa tena.

"Safari hii umeangukia majani makavu, mama," Shangazi alisema. "Safari ijayo utaangukia mfereji."

Mashine yenyewe ilikuwa ya duara, kubwa kama hotpoti ya chapati. Ndani yake kulikuwa na gurudumu lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na vidonge vyake. Saa ikifika, gurudumu linajizungusha lenyewe, taa inawaka na sauti inaita. Unabonyeza kitufe chekundu, vidonge vinadondoka kwenye kikombe cha plastiki. Vingine vyote vimefungwa, na ufunguo anakaa nao Shangazi. Usipoinua kikombe, sauti inaita tena na tena, na mwisho mashine inampelekea Shangazi ujumbe kwenye simu.

"Kwa hiyo wewe uko Bomang'ombe, unaniona nikinywa?" Bibi aliuliza.

"Najua kama umekunywa au hujanywa, mama."

"Basi unaniona," Bibi alisema, akajifunga kanga yake vizuri.

Tatizo lilikuwa moja. Sauti iliyokuja na mashine ilikuwa ya Kiingereza, ya dada fulani wa Kizungu mwenye haraka, na Bibi aliisikiliza kama anavyosikiliza mvua. Lakini mashine inaruhusu mtu wa nyumbani kurekodi maneno machache kwa sauti yake. Shangazi akanigeukia.

"Flavia, wewe uko likizo na huna kazi. Mrekodie bibi yako maneno mazuri. Kwa Kiswahili, kwa upole."

Hapo Shangazi yangu, mwanamke msomi na mwenye akili timamu, alimkabidhi fisi bucha. Shuleni kwetu nina kipaji kimoja kinachotambulika rasmi: naiga sauti za watu. Namwiga mwalimu wa fizikia. Namwiga mpishi akikana kwamba maharage yana mawe. Lakini kazi yangu bora ni Sista Victoria, mlezi wa bweni letu, ambaye sauti yake inaweza kumtoa msichana kitandani kabla masikio yake hayajaamka. Kwa sababu ya kazi hiyo bora nilivuliwa ukiranja mbele ya shule nzima, nami nilivuliwa kwa staha.

Shangazi alipoondoka nilikohoa, nikasimama wima, nikarekodi:

"Tumsifu Yesu Kristo, Mektrida! Saa ya dawa. Nakuona! Bonyeza sasa, uvivu baadaye!"

Mchana wake Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Sauti ikalia. Kisu kikaanguka. Bibi akaja mbio akijifuta mikono, akasimama mbele ya kabati, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo akina mama wa parokia, akasema, "Milele na milele, amina, Sista." Kisha akabonyeza, akanywa dawa zake na maji, akakionyesha kikombe kitupu kwa mashine.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, sweta la shule mdomoni, simu mkononi. Video ile niliituma kwenye kundi letu la bweni kabla maji ya Bibi hayajafika tumboni. Vicheko vilimiminika. Ni Hajira peke yake, anayelala kitanda cha chini yangu na ambaye mama yake anauza vitambaa mjini Moshi, aliyeandika swali: "Huyo ni bibi yako kweli?"

Nilimjibu kwa kikatuni cha kucheka. Hakuendelea.

"Bibi," nilimuuliza jioni kwa uso wa mtafiti, "huwa unaongea na nani pale kabatini?"

"Na Sista."

"Sista gani?"

"Wa hospitali. Unadhani Gladys ataacha wagonjwa wake akae kunitazama mimi? Ameniwekea Sista." Alinitazama kama mtu asiyeamini kwamba ada yangu ya shule inafanya kazi. "Kama Gladys anaweza kuniona kwenye simu, Sista atashindwaje? Na wazee ni wengi, Flavia. Anawaita mmoja mmoja kwa jina. Masikini, labda hata chai hajanywa."

Kwa ajili ya chai hiyo alitenga chane ya ndizi kisukari, akaiweka stoo ili Shangazi akija ampelekee Sista. Niliila mimi. Hoja yangu ilikuwa kwamba Sista ni mimi, hivyo mali ilikuwa yangu kisheria. Bibi alipokuta maganda aliwatukana ngedere, akatenga chane nyingine.

Basi mambo yakaanza kubadilika, polepole, na mimi nikiwa natazama.

Bibi aliacha kwenda kihambani inapokaribia saa ya dawa. Aliacha kulala kidogo baada ya kula. Alianza kukaa sebuleni na rozari, nywele zimefunikwa, kama yuko kwenye foleni ya kitubio. Jumapili, Mzee Sifael, jirani yetu ambaye amekunywa naye mbege, pombe yetu ya ndizi, kila baada ya misa tangu Babu akiwa hai, alikuja kumtafuta.

"Mektrida, umehama parokia? Mbege inakungoja mpaka inakasirika."

"Siwezi. Sista ananiona."

"Sista gani anaona mpaka ndani ya kata ya mbege?"

"Huyu anaona. Shusha sauti, Sifael."

Mzee Sifael aliitazama mashine kwa muda. Akavua kofia. Akatoka kinyumenyume.

Nilicheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua chumvi. Ningeweza kubadilisha yale maneno siku ileile. Sikubadilisha, kwa sababu Shangazi alipiga simu akasema, "Flavia, hongera sana. Sijawahi kuona mama akinywa dawa kwa wakati namna hii. Ulimwambia nini?" Nami nikajibu kwa unyenyekevu, "Maneno ya kawaida tu, Shangazi." Msichana anayesifiwa kwa ovu lake ana kazi ngumu sana ya kuliacha.

Ikafika siku ya soko. Bibi aliteremka Kiboriloni kuuza ndizi, akaniambia atawahi saa ya dawa. Mchana mashine ikaita katika nyumba isiyo na mtu isipokuwa mimi, niliyekuwa nimejilaza kwenye kochi. "Nakuona!" ikasema. Ikanyamaza, ikaita tena. "Nakuona!" Ilikuwa inaliambia kabati, na kochi, na picha ya Babu. Haikuwa ikiona kitu. Nilianza kusikia ilivyo mbaya, sauti ile, mtu akiisikia peke yake.

Kisha nikamwona Bibi kupitia dirishani. Gari lilikuwa limeharibikia chini, kwenye kona ya mto, naye hakusubiri. Alikuwa anapanda kilima karibu na kukimbia, kapu kichwani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, kanga ikiburuzika. Mama wa watu wazima wenye mvi alikuwa anakimbia ili asigombezwe. Aliingia akihema, na kabla hajatua kapu, mashine ikasema:

"Bonyeza sasa, uvivu baadaye!"

Bibi alitua kapu chini.

"Uvivu?" alisema.

Kisha Kiswahili kikamwishia. Kwa Kichagga aliiambia mashine habari za kile kilima, na kahawa aliyoichuma akiwa na baba yangu mgongoni, na majani ya ng'ombe aliyoyabeba kutoka tambarare kabla hakujawa na gari la kuharibika. Ndani ya kapu kulikuwa na mwiko mpya alioununua sokoni. Aliuchukua, akapiga mara moja. Mashine iliruka, ikaanguka nyuma ya kabati, ikanyamaza.

Bibi aliutazama mwiko.

"Nimempiga Sista," alisema.

"Bibi, ile ni mashine tu."

"Mashine ni kama simu. Ukimtukana mtu kwenye simu, hujamtukana?"

Kwenye midahalo ya shule sijawahi kushindwa. Pale nilishindwa, na mbaya zaidi, nilifurahi kushindwa, maana jibu sahihi lilikuwa jina langu.

Mashine haikuvunjika. Kifuniko cha betri kilikuwa kimechomoka tu. Nilikirudisha, taa ikawaka, nikamwita Bibi aje abonyeze. Alikataa kuingia sebuleni.

"Izime," alisema. "Humpigi mwenzio mchana, jioni ukamnyooshea mkono akupe dawa. Kwanza niombe radhi."

"Lakini presha, Bibi."

"Presha itasubiri. Haya ndiyo yasiyosubiri."

Hakunywa dawa jioni ile. Hakunywa kesho yake asubuhi. Alikaa jikoni kwenye kigoda, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, na aliponyoosha mkono kupokea chai, kikombe kilitetemeka mpaka chai ikamwagikia majivuni. Shangazi akapiga simu.

"Flavia, mama hajanywa dawa tangu jana. Mashine imezima?"

"Ni umeme, Shangazi."

"Ina betri."

"Basi ni betri, Shangazi."

"Flavia."

"Abee."

"Mama anajisikiaje?"

"Kichwa kinamuuma. Kidogo."

Alijibu kama muuguzi, si kama shangazi. "Asipokunywa leo mchana, nakuja na gari nampeleka hospitali Mawenzi. Presha haina mzaha. Nimewaona watu wameamka mkono mmoja hausikii."

Nilitoka nje na simu mkononi, nikamkuta Bibi kwenye mpaka wa kihamba, amekata jani la isale.

Masale yamepandwa kwenye mipaka yetu yote huku mlimani. Ni majani marefu ya kijani, hata mbuzi hawayajali. Lakini ukiwa umemkosea mtu, unakata moja, unalifunga fundo, unampelekea, naye akishaletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hata ungekuwa umemuulia mtoto, wazee husema. Na mkosaji hapeleki mwenyewe. Anatuma mtu.

"Chukua," Bibi alisema. "Mpelekee Sista. Yuko mbali, lakini anaona."

"Bibi, si umtume Mzee Sifael?"

"Sifael ananuka mbege, Sista atajua. Wewe unasoma kwa masista, utajua kusema naye. Tena anayepeleka isale ni mtu asiye na lake katika ugomvi. Wewe huna lako katika hili."

Nilipokea jani. Sikuweza kumtazama.

"Useme: Mektrida, mke wa Jacob, amekosa. Alichoka, lakini kuchoka si sababu. Anaomba. Na usicheke, Flavia. Wewe unapenda kucheka."

Nimewahi kutembea kutoka mstarini hadi jukwaani kuvuliwa ukiranja, na nilitembea kwa madaha. Kutoka jikoni kwa Bibi hadi sebuleni nilitembea kama mtu aliyebeba kaa la moto kwa kiganja. Nikasimama mbele ya kabati. Babu Jacob akanikunjia uso.

Nilipeleke kwa nani? Jani lilikuwa limeshafika kwa mwenyewe. Sista ndiye aliyekuwa amelishika. Kwa mila za kwetu nilikuwa nimeombwa radhi na sikuwa na ruhusa ya kukataa: ilinipasa kumsamehe Bibi yangu kwa kosa la kuchoshwa na kilima nilichomkimbiza mimi.

Nilifanya jambo moja ambalo ningependa lisijulikane. Niliiwasha mashine, nikarekodi: "Nimekusamehe, Mektrida. Kunywa dawa, amani iwe nawe." Nilitegemea sauti ingegoma kooni. Haikugoma. Ilitoka safi, ya Sista Victoria mtupu, tena yenye huruma. Kwa sentensi ile moja Bibi angekunywa dawa, Shangazi angenisifu, na chane za ndizi zingeendelea kutengwa mpaka nimalize shule. Niliisikiliza mara moja. Nikaifuta.

Nikatoka kwa mlango wa mbele hadi mpakani, nikakata isale langu. Nikalifunga fundo. Lakini mkosaji hapeleki mwenyewe, na ndani ya nyumba ile nani hakuwa na lake katika ugomvi? Nilitafuta, nikampata mmoja tu. Mashine. Yenyewe haikumcheka mtu. Ilizunguka saa ilipofika na kusema ilichowekewa mdomoni. Basi nikalikunja jani ndani ya kile kikombe cha plastiki, nikarekodi upya kwa sauti yangu.

Bibi alikuwa ananisubiri jikoni.

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Amesemaje?"

"Atajibu mchana. Saa ya dawa."

Alishusha pumzi, akafumba macho chini ya kile kitambaa. Mimi nikakaa nje kumenya ndizi ambazo hakuna aliyeniomba kuzimenya.

Ilipokaribia saa, Bibi alivaa gauni la kanisani. Hilo sikulitarajia. Alisimama mbele ya kabati, akajishikiza kwa mkono mmoja kwa sababu ya kizunguzungu. Gurudumu likazunguka. Taa ikawaka. Bibi akaanza kupiga goti.

"Shikamoo Bibi. Ni mimi, Flavia. Hapakuwa na Sista, nilikuwa mimi. Nimekosa. Dawa hizi hapa."

Sauti yangu ilitoka mle ndani ndogo, kama ya mtoto wa chekechea aliyejikojolea. Bibi alibaki na goti lake nusu, wala chini wala juu, mpaka maneno yakaisha. Kisha akainuka polepole. Akabonyeza. Vidonge vikadondokea juu ya jani.

Alilitoa jani kwanza. Akaligeuza.

"Hata fundo hulijui," alisema.

Akaokota vidonge, akavinywa na maji. Kikombe kitupu hakumwonyesha mtu.

"Ndizi?"

"Nilizila mimi, Bibi."

"Nimewatukana ngedere bure." Alikuwa bado ananipa mgongo. "Nani mwingine amecheka?"

"Wasichana wa bweni. Niliwatumia video."

"Video ya nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nilipiga goti," alisema. "Nilipiga goti, Flavia. Na magoti yangu unayajua."

Nililia. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, maana Bibi hakunihurumia. Alilifungua fundo langu, akalifunga upya inavyotakiwa, akaliweka chini ya picha ya Babu.

"Nimepokea. Isale likifika mtu hana njia ya kukataa. Kungekuwa na njia, leo ningekataa."

Shangazi alipopiga simu, Bibi ndiye aliyeshika. "Ilikuwa betri," alimwambia. "Mtoto ameitengeneza." Akanirudishia simu bila kunitazama, na nilitamani angenipiga na ule mwiko.

Video niliifuta, lakini wenzangu walikuwa wameshaihifadhi. Niliwaandikia wote waifute. Wengine walicheka tena. Hajira aliandika, "Mimi nilifuta siku ileile."

Kilichobaki cha likizo, kila asubuhi, kila mchana na kila jioni, nyumba yetu ilitangaziwa kwamba hapakuwa na Sista, ilikuwa mimi, nimekosa, dawa hizi hapa. Ilitangazwa mbele ya akina mama wa jumuiya. Ilitangazwa mbele ya Mzee Sifael alipoleta mbege. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua kofia yake magotini, akaivaa, akanitazama kwa muda mrefu. Bibi alikunywa mbege yake. Shikamoo ile hakuiitikia hata mara moja. Alibonyeza, akanywa, akaenda zake.

Nilimwomba ruhusa nirekodi upya, maneno mafupi, ya kawaida, kama Shangazi alivyotaka tangu mwanzo.

"Iache," Bibi alisema. "Inasema vizuri."

Asubuhi ya kurudi shule nilikuwa mlangoni na tranka langu. Mashine ikazunguka. "Shikamoo Bibi," ikasema. "Ni mimi, Flavia..." Bibi alisubiri imalize. Akachukua vidonge, akavitazama kiganjani.

"Marahaba," alisema.

Alisema akiwa ameielekea mashine, na mgongo wake ukiwa kwangu. Sikujua kama ilikuwa yangu au ya mashine, na sikuwa na uso wa kuuliza. Alikunywa maji, akaweka kikombe, akaja akashika mkono mmoja wa tranka.

"Shika huko," alisema. "Gari litakuacha."